Njia ya Mwitongo

Mwanza

Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2024, Mwanza iliamka na pilikapilika za mji wenye ugeni. Bendera zilipepea njia nzima ya kwenda Kirumba, vijana wa halaiki walipita makundi kwa makundi na sare zao mkononi, na nyumba za wageni zilikuwa zimejaa tangu juzi yake. Jumatatu, tarehe 14, kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru kingefanyika Uwanja wa CCM Kirumba, siku ileile ambayo Watanzania humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Safari hii kumbukumbu ilikuwa na uzito wake: miaka 25 kamili tangu afariki. Watu walikuwa wakimiminika Mwanza kutoka kila pembe. Mimi nilikuwa nafunga mkoba niondoke.

Nilitaka siku hiyo inikute Butiama, nyumbani kwake, mahali wenyeji wanapopaita Mwitongo. Nimekua na Mwalimu kama walivyokua wenzangu wengi: sauti yake redioni, sura yake kwenye noti ya shilingi 1,000, picha yake ukutani darasani. Lakini mlango wa nyumba yake sikuwahi kuuona. Na jirani na nyumba hiyo kuna makumbusho yenye jina lake, yaliyofunguliwa mwaka 1999, miezi michache kabla hajaaga dunia. Makumbusho na msiba ule vimefikisha umri mmoja.

Kulikuwa na sababu ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya niamue kwenda polepole. Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio lile. Mwaka ule nchi ilikuwa ikitembea. Kijana Seti Benjamin alifia njiani katika matembezi kama hayo, akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Nilitaka niipite njia ya Mwalimu kinyumenyume, kutoka alikofikia hadi alikoanzia, nikisimama panaposimamika.

Niliagana na Ziwa Victoria pale kivukoni Kamanga, mvuvi mmoja akianika nyavu juu ya jiwe kubwa lililolala ufukweni kama kiboko. Mwanza ni mji wa mawe. Yamebebana vilimani, nyumba zimejibana katikati yake, na huwezi kujua kama ni watu waliolijengea jiwe ua au ni jiwe lililowavamia watu uani kwao. Sikujua kuwa mawe yale yangenisindikiza hadi mwisho wa safari.

Bujora

Kisesa haiko mbali na mji. Ukiacha barabara kuu na kupanda kidogo unafika Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada aliyeishi hapo miaka mingi na kuzama katika lugha na ngoma za wenyeji wake. Nilipita kwa sababu nilitaka kuona kwanza namna jamii inavyoweza kujiwekea kumbukumbu yake yenyewe, kabla sijafika kwa mtu mmoja.

Palikuwa kimya. Kijana aliyenitembeza alinisalimu kwa "mwangaluka," kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye ngoma za watemi, kana kwamba nilikuwa nimeagizwa na mtemi mwenyewe. Jengo linalohifadhi mambo ya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Alinieleza habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo hadi leo hukutana kila Juni katika sikukuu ya Bulabo, kila upande na dawa zake, kila upande na majigambo yake. Watazamaji ndio waamuzi: upande unaovuta watu wengi ndio ulioshinda. Sherehe ile imefungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi, na kanisa la Bujora lenyewe ni la duara kama nyumba ya msonge. Nililipenda jambo hilo. Mgeni alipotaka kuwafundisha Wasukuma imani mpya, alikubali kuingia katika nyumba yao badala ya kuwatoa nje.

Magu

Baada ya Kisesa mawe yanapungua na mashamba ya mpunga na pamba yanachukua nafasi. Oktoba ardhi ilikuwa imekauka, imepasuka kama kisigino. Ng'ombe walikuwa wakishushwa ziwani kunywa, na vumbi lao lilining'inia hewani muda mrefu baada ya wao kupita.

Magu nilikula michembe. Ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa hadi vikakamae, halafu vikachemshwa na kuliwa na karanga zilizosagwa. Mama aliyenipakulia alinicheka kwa namna nilivyokuwa nikitafuna. "Taratibu, baba, hicho ni chakula cha kiangazi, hakikimbii." Mezani pale alikuwepo mzee mmoja, fimbo yake imeegemea ukuta, kofia yake imechakaa ukingoni. Nilimpa shikamoo, tukazungumza habari za mvua. Aliponiuliza nakwenda wapi nikamwambia, alinyamaza kidogo, akasukuma sahani.

"Mimi nilimwona akipita hapa," alisema.

Alikuwa mvulana wa kuchunga, miaka kumi na miwili hivi. Walikuwa wameambiwa Rais anapita, wakajipanga kando ya barabara tangu alfajiri. Walitazamia gari. "Gari hatukuliona, mwanangu. Tuliona vumbi, halafu tukaona watu, halafu tukamwona yeye, ana fimbo yake, anatembea kama mtu anayekwenda mnadani kununua ndama." Yeye na wenzake wanne waliacha ng'ombe wakafuata. Walifuata hadi miguu ikawauma, wakarudi usiku, wakachapwa na baba zao kwa ng'ombe waliotawanyika. Alinitajia wale wanne kwa majina na majina ya baba zao, akihesabu kwa vidole. Alipofika kidole cha mwisho alisema, "Nimebaki mimi."

Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumhoji habari hizo. Alinitazama kwa mshangao. Nani amhoji?

Lamadi na Bunda

Lamadi ni mahali pa kusimama kwa dakika chache tu, lakini usipite bila kusimama. Upande wa kushoto kuna maji ya Ghuba ya Speke, upande wa kulia nyika ya Serengeti inakuja kukaribia barabara pale lango la Ndabaka. Nilinunua machungwa, nikasimama baina ya samaki na swala. Jioni ilinikuta Bunda, chini ya mlima Balili, nikala sato wa kuchoma kwa ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi unaovutika. Huko kwetu mtu akisema ugali tunafikiri mahindi. Ukifika Mara, sharti ujifunze upya.

Kiabakari

Jumapili asubuhi nilisali Kiabakari, mahali palipojulikana zamani kwa mgodi wa dhahabu na siku hizi kwa kituo cha hija cha Huruma ya Mungu. Ua ulikuwa umejaa. Nilikaa karibu na kina mama watatu waliovaa vitenge vyenye picha ya Mwalimu. Walikuwa wanaelekea Butiama kama mimi, ila wao walikuwa wanakwenda kuomba. Kanisa Katoliki, kupitia Jimbo la Musoma, lilifungua mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri mwaka 2005, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Nilimuuliza mmoja wao anamwombea nini. Alijibu bila kusita kuwa yeye hamwombei, yeye humweleza. "Namweleza mambo ya nyumbani kwangu. Alikuwa mwalimu, anajua kusikiliza."

Butiama

Kutoka Makutano barabara inaelekea mashariki na nchi inaanza kuinuka. Halafu mawe yanarudi. Yanatokea kwanza moja moja katikati ya mashamba, kisha mawili yamebebana, kisha vilima vizima vya mawe ya kijivu yenye mabaka ya ukungu mweupe, miti imetokeza katika nyufa zake, pimbi wanaota jua juu yake. Hewa ya Butiama ni nyepesi kuliko ya Mwanza. Nyumba zimetawanyika kila moja na mji wake, migomba kidogo, mihogo mingi.

Mwitongo iko juu ya kilima. Neno lenyewe, nilivyoelezwa na mzee wa Kizanaki aliyenipokea langoni, lina maana ya mahame, mahali palipokuwa na mji wa watu wa kale wakahama. Watu huhama, alisema, lakini mji wa baba hauachwi hivi hivi, iko siku mtoto atarudi. Hapa ndipo palipokuwa mji wa Chifu Burito Nyerere, aliyekuwa na wake 22. Wa tano alikuwa Mgaya wa Nyang'ombe. Tarehe 13 Aprili 1922 Mgaya alijifungua mtoto wa kiume siku ya mvua kubwa, na mtoto akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua.

Nilianzia kwenye makaburi, kama inavyopasa mgeni kuanza na wenye mji. Burito amelala hapo tangu 1942. Mgaya aliishi hadi 1997, akamwona mwanawe akiwa mwalimu wa shule, akamwona akiwa Rais, akamwona akistaafu mwaka 1985 na kurudi kulima. Kaburi la Mwalimu limejengewa nyumba ya kuhifadhia, nyeupe, yenye baridi ndani. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na akazikwa hapa tarehe 23. Nilikuta msichana mdogo wa shule amevua viatu mlangoni bila kuambiwa na mtu. Aliviweka sambamba, akavitazama, akavisogeza tena viwe sambamba zaidi, ndipo akaingia.

Nyumba

Nataka nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipokuja.

Mtu aliyesikia habari za marais wa Afrika anaweza kufika Mwitongo akitafuta kasri. Atakuta nyumba mbili za mtu aliyestaafu kijijini, za kadiri, zimeelekea mawe. Ile kubwa ilijengwa na Jeshi la Wananchi likamkabidhi, naye akaikalia muda mfupi tu kabla ya ugonjwa kumchukua. Miaka mingi ya kustaafu aliimalizia katika ile ndogo. Kilichonishangaza ni vitabu. Vimejaa, vya siasa na dini, vya ushairi na falsafa, vingi vimepauka migongo kwa kushikwashikwa. Ukiviona unakumbuka kuwa huyu ndiye aliyekaa Ikulu, nchi changa inamngojea kwa mambo elfu, akatafuta saa za kuitafsiri tamthiliya ya Shakespeare, *Julius Caesar*, akaitoa mwaka 1963, halafu hakuridhika, akairudia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Mwaka huohuo akatoa *Mabepari wa Venisi*. Uzeeni akageukia Injili na kuziandika kwa utenzi. Kiswahili tunachoandika leo kilinolewa pia na mkono huo.

Makumbusho yenyewe yako hatua chache kutoka hapo, chini ya Makumbusho ya Taifa. Ndani kuna picha, kuna vitu vyake vya kila siku, kuna zawadi alizopewa na mataifa na wananchi katika miaka yake ya utumishi. Zawadi hizo nilizitazama kwa heshima, lakini sikukaa nazo. Nilikaa na picha. Katika mojawapo kijana mwembamba anatabasamu na meno ya mbele yaliyochongwa, alama ya Wazanaki wa rika lake. Alikwenda na meno hayo Makerere mwaka 1943, akaenda nayo Edinburgh mwaka 1949, akakaa nayo mbele ya magavana na mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakuyaficha wala hakuyatengeneza. Nilimwona mzee mmoja akiinama karibu na kioo, akagusa meno yake mwenyewe kwa kidole, akaondoka taratibu.

Nje, chini ya mti, wazee wanne walikuwa wanacheza bao. Niliomba nikae. Ubao ule una mashimo 32 na kete 64, na umechakaa hadi mashimo yake yanang'aa kama kiganja cha mkulima. Mkono wa mzee aliyekuwa anacheza ulikuwa na vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, lakini zilipofika zamu zake vidole vile vilifunguka: kete zilidondoka moja moja, tik, tik, tik, wala hakuzitazama, alikuwa anautazama uso wa mwenzake. Mwalimu alikuwa mchezaji wa bao maisha yake yote, na wazee wa hapa husimulia kuwa bao ndilo lililompeleka shule. Wanasema Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, rafiki wa Burito, alimwona mtoto akicheza soro, bao la huku, akaona namna anavyohesabu mbele, akamwambia baba yake ampeleke mtoto huyu akasome. Hadithi hiyo nilisimuliwa mara tatu jioni ile, na kila msimuliaji alikuwa na idadi yake ya mara ambazo mtoto alimshinda chifu.

Tarehe 14

Jumatatu niliamka na jogoo. Ukungu ulikuwa umekaa kati ya mawe na watu walikuwa wanatokea ndani yake kidogo kidogo, kina mama na watoto mgongoni, wanafunzi katika mistari, masista, wazee waliovaa makoti ya harusi zao. Kufikia saa tatu kilima kilikuwa kimejaa. Nilisikia Kizanaki, Kikuria, Kijaluo, Kijita, Kisukuma, na nyuma yangu Kiganda. Hija ya Waganda kwa Mwalimu si jambo geni. Kila Juni Waganda na Watanzania humkumbuka pamoja huko Namugongo, Uganda, na Mwalimu kwao ni mtu aliyewasaidia kumwondoa Idi Amin mwaka 1979. Mmoja wao, mwanamume wa makamo, aliniambia kuwa baba yake alirudi nyumbani mwaka ule kutoka uhamishoni. Hakuongeza neno. Alikuwa amebeba mshumaa mmoja uliofungwa kwenye gazeti.

Waliingia pia vijana wa baiskeli, kutoka Dar es Salaam, ngozi imeungua, midomo imepasuka. Watu waliwapigia vigelegele hadi mmoja wao akakaa chini akafunika uso kwa mikono. Bibi mmoja alimletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akasimama juu yake mpaka alipoyamaliza.

Misa ilikuwa ndefu na nzuri. Kwaya iliimba kwa Kiswahili na Kizanaki, na pale kilimani sauti ya watu wengi haitawanyiki, mawe huirudisha. Baada ya Misa ndipo sherehe ilipoanza kwa maana ya watu wa Mara, yaani ngoma na chakula. Alitoka mpiga ritungu, zeze la nyuzi nane, kisanduku chake cha mti na ngozi kikiwa kinene kama mtungi, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuzichezea nyuzi kwa vidole huku mguu wake, uliofungwa njuga, ukimjibu. Alikuwa anamsifu mwenye mji, baba yake na babu yake, kisha akaanza kuwasifu waliohudhuria, na kila aliyetajwa alipaswa kutoka na kutunza. Na mimi nilitajwa, "mgeni wa mbali mwenye daftari." Nilitoka. Nilicheza vibaya mbele ya watu mia kadhaa na hakuna aliyenionea aibu.

Tulikula nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, ugali wa mtama na muhogo, dagaa wa ziwani waliokaangwa na nyanya, uji wa ulezi kwa wazee. Chakula kilitoka katika sufuria kubwa zilizoinjikwa juu ya mafiga ya mawe nyuma ya ua, na aliyekuwa anasonga ugali alikuwa amesimama wima, mwiko ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayepiga kasia.

Saa nane mchana, jambo dogo lilinishika moyo. Chini ya mti wa wacheza bao mzee mmoja alikuwa ameweka redio, na redio ilikuwa inatangaza kutoka Kirumba: halaiki, Mwenge, hotuba. Wazee walikuwa wanasikiliza huku wanacheza. Sauti ya uwanja uliofurika ilifika pale kilimani ikiwa ndogo, imechanganyika na kete. Lilipotajwa jina la Mwalimu, na uwanja mzima ukalipuka kwa makofi, yule mwenye vidole vilivyopinda alisimamisha mchezo. Aliinua mkono wenye kete, akaelekeza kichwa kaburini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepitisha salamu za jirani, "Wanakusalimu huko Mwanza." Halafu akaendelea kucheza.

Sijui kama nitawahi kuona maadhimisho yaliyonigusa kuliko hayo.

Mwisenge

Jumanne nilishuka Musoma, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye miguu ya mtoto. Mwaka 1934 Kambarage, umri wake miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza shule ya bweni ya Mwisenge, umbali wa zaidi ya kilomita 40. Njia inashuka kutoka kwenye mawe hadi ziwani. Kwa gari nilisinzia kidogo tu nikawa nimefika.

Shule ya Mwisenge bado inafundisha. Niliingia saa ya mapumziko, watoto wanakimbizana, vumbi juu. Mwalimu wa zamu alinipeleka kwenye darasa alilosomea Mwalimu na kunionyesha dawati lake. Ni ubao tu uliochubuka. Nilipitisha kiganja juu yake, nikawaza habari za mtoto aliyelikalia bila kujua Kiswahili vizuri, aliyetoka katika mji wa wake 22 na mizimu ya mvua, akashinda mitihani hadi akapelekwa Tabora mwaka 1937. Watoto wawili walichungulia dirishani. Nikawauliza wanajua aliyekaa hapa. "Nyerere!" walijibu kwa pamoja. Mmoja akaongeza kuwa babu yake alisoma hapa pia, alifariki mwaka jana. Nilimuuliza babu alisimulia nini. Akafikiri, akacheka, akakimbia.

Nyegina haiko mbali. Katika misheni ile ya kale Kambarage alijifunza dini pamoja na rafiki yake Mang'ombe Marwa, na huko ndiko alikobatizwa kwa jina la Julius tarehe 23 Desemba 1943, mwaka mmoja baada ya baba yake kufa. Nilikaa kanisani peke yangu muda mrefu, mlango uko wazi, upepo wa ziwa unaingia.

Kurudi

Niliporudi Mwanza nilishuka tena Magu. Nilimkuta mzee wangu mahali palepale, fimbo palepale. Nilimletea ugoro kutoka Butiama na habari za wacheza bao. Kisha nikatoa daftari, nikamwomba anitajie tena wale wenzake wanne, polepole, na majina ya baba zao, na ni mahali gani hasa miguu iliwashinda. Tulikaa hadi jua likapungua. Alikumbuka mambo ambayo hakuyasema mara ya kwanza: kwamba Mwalimu alisimama akanywa maji kwenye kata ya mama mmoja wa hapo, kwamba mama yule hakuosha kata ile siku tatu.

Makumbusho ya Butiama yametunza vitu vizuri, na nyumba ya Mwitongo iko wazi kwa mgeni yeyote. Lakini aliyekuwa na miaka 12 mwaka ule wa matembezi alikuwa na miaka 69 nilipopita huko. Wapo Magu, wapo Bunda, wapo Kiabakari, wamekaa vibarazani. Ewe mwalimu wa shule unayepanga ziara ya wanafunzi, ewe mzazi unayekwenda Serengeti na watoto, pitieni Butiama, na msiifikie kwa haraka. Simameni njiani, mpeni mzee shikamoo, mwulizeni. Na mtoto mmoja kati yenu awe ameshika daftari.